Uso na Kisu

Wahenga walisema kwamba uso umeumbwa na haya. Maana yake tunaijua: mtu akikutazama usoni huona vigumu kukunyima au kukudanganya, kwa kuwa uso una namna yake ya kusema hata mdomo ukinyamaza. Kwa uso tunasalimiana kabla ya maneno; kwa uso tunakataa, tunasamehe, tunacheka na kuomboleza. Basi si ajabu kwamba kati ya viungo vyote vya mwili, uso ndio ambao mtu huogopa zaidi kuupeleka mbele ya kisu cha daktari. Mshono wa tumboni hufichwa na shati na kovu la pajani hufichwa na suruali, lakini uso tunakwenda nao sokoni, kazini na msibani.

Katika kurasa hizi nataka kusimulia historia ya operesheni moja ambayo si wengi wanaoijua, yaani ile ya kuondoa uvimbe usio wa saratani katika tezi za mate. Nilifundisha somo la historia katika shule za sekondari kwa miaka mingi, nikawaeleza vijana habari za wafalme, misafara ya biashara, vita na mikataba. Nilipostaafu nikapatwa mwenyewe na uvimbe wa aina hiyo, nami kwa mazoea ya kazi nikataka kujua: ni nani waliotangulia kukatwa mahali hapa, na ilikuwaje kwao? Niliyoyakuta yalinifundisha jambo ambalo vitabu vya wafalme havikunifundisha, nalo ni kwamba maendeleo mengine hayapimwi kwa kile kilichoondolewa bali kwa kile kilichoachwa salama.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali penyewe. Kila mtu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate. Jozi iliyo kubwa kuliko zote iko mbele na chini ya masikio, pale panapovimba mtoto anapougua matubwitubwi. Jozi ya pili iko chini ya taya, na ya tatu chini ya ulimi. Mbali na hizo zipo tezi ndogondogo mamia kwa mamia ndani ya midomo, mashavu na kaakaa. Uvimbe unaweza kuota katika tezi yoyote kati ya hizo, lakini madaktari wana hesabu rahisi ya kukumbuka: takriban 80 kwa 100 ya uvimbe wa tezi za mate hutokea katika tezi ya mbele ya sikio, na katika uvimbe wa hapo takriban 80 kwa 100 si saratani. Ule utokeao mara nyingi zaidi huitwa uvimbe mchanganyiko, kwa sababu ndani yake mna seli za namna mbalimbali, nyingine zikitoa kitu kama ute na nyingine kitu kama gegedu. Unaofuata kwa wingi una jina la Aldred Scott Warthin wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliyeueleza mwaka 1929, nao huwapata zaidi wavutaji wa sigara.

Isidhaniwe kwamba haya ni maradhi ya Wazungu peke yao. Mwaka 1964 madaktari watatu waliofanya kazi Kampala, akiwemo Denis Burkitt ambaye jina lake linajulikana duniani kwa saratani ya taya ya watoto, walichapisha utafiti mzima kuhusu uvimbe wa tezi za mate nchini Uganda. Maradhi haya yako kwetu, ila mara nyingi mgonjwa wa kwetu hukawia kufika hospitali kwa kuwa uvimbe hauumi. Hukua polepole, mwaka baada ya mwaka, ukianza kama punje ya kunde na kufikia ukubwa wa embe dodo, na mtu huuzoea kama alivyozoea pua yake.

Msomaji atauliza: ikiwa si saratani na hauumi, kwa nini usiachwe? Jibu ni kwamba uvimbe mchanganyiko una tabia ya kugeuka. Hesabu inayotajwa sana na wataalamu ni kwamba katika miaka 5 ya kwanza hatari ya kugeuka saratani ni kama 1.5 kwa 100, na baada ya miaka 15 hufikia karibu 9.5 kwa 100. Kwa hiyo kungoja nako ni uamuzi, na una gharama yake.

Hapo ndipo tunapofika penye shida yenyewe. Katikati ya tezi ile ya mbele ya sikio unapita mshipa wa fahamu unaoendesha misuli yote ya uso upande huo. Nasema mshipa wa fahamu, si mshipa wa damu. Hutokea katika tundu dogo la mfupa nyuma ya sikio, ukaingia ndani ya tezi, ukagawanyika mara mbili, kisha ukatoa matawi makuu matano: la panja, la jicho na kitako cha shavu, la shavu, la taya na mdomo wa chini, na la shingo. Mgawanyiko huo wataalamu wa zamani waliuita kwa Kilatini unyayo wa bata bukini. Tezi imeukumbatia mshipa huo kama kitabu kilichofumbwa kinavyokumbatia karatasi, kurasa nyingine zikiwa juu yake na nyingine chini yake. Mpasuaji akiukata mshina wake, jicho la upande ule halifumbi, mdomo huenda upande, chai humwagika kidevuni, na kicheko hubaki nusu.

Binadamu hawakuyajua mambo haya kwa siku moja. Mfereji unaopeleka mate kutoka tezi hiyo hadi mdomoni ulitambuliwa mwaka 1660 mjini Amsterdam na kijana wa Denmark, Niels Stensen, alipokuwa akipasua kichwa cha kondoo. Mwenyeji wake na mwalimu wake, Gerard Blasius, alidai kwamba ugunduzi ule ni wake yeye, na ugomvi wao ukasikika katika vyuo vya Ulaya. Hata leo mfereji unaitwa kwa jina la kijana yule, ambaye baadaye aliacha upasuaji, akawa miongoni mwa waanzilishi wa elimu ya miamba na hatimaye askofu wa Kikatoliki.

Kazi ya mshipa wa uso iliwekwa wazi na Charles Bell, daktari wa Scotland, katika taarifa yake ya mwaka 1821 kwa Chama cha Kifalme cha sayansi mjini London. Bell alimkata punda mshipa huo akaona tundu la pua la upande ule halitanuki tena anapovuta pumzi. Kabla ya hapo wapasuaji wengine waliikata mishipa ya usoni wakidhani wanaondoa maumivu, kumbe wanaondoa mwendo. Mtu akiamka asubuhi amepooza upande mmoja wa uso, ugonjwa ule hadi leo huitwa kwa jina la Bell.

Ujuzi ulikuwepo, lakini mikono ilichelewa kuufuata. Katika miaka hiyohiyo ya 1820 George McClellan wa Philadelphia, baba wa jenerali mwenye jina kama hilo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kwao kuiondoa tezi hiyo. Fikiria wakati huo: hapakuwa na nusukaputi wala dawa ya kuua vijidudu. Mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu, na sifa ya mpasuaji ilikuwa mbio. Onyesho mashuhuri la nusukaputi ya etha lilifanyika Boston tarehe 16 Oktoba 1846, na mgonjwa wa siku hiyo alikuwa kijana mwenye uvimbe shingoni chini ya taya. Joseph Lister naye alitangaza njia yake ya kuzuia vidonda kuoza mwaka 1867. Kabla ya mambo hayo mawili, kumtaka mpasuaji atafute nyuzi nyeupe za mshipa katikati ya damu, huku mgonjwa akipiga kelele, ilikuwa sawa na kumtaka mtu atunge uzi kwenye sindano ndani ya mtumbwi unaoyumba. Uso uliopooza ulihesabiwa kuwa bei ya kubaki hai.

Nusukaputi ilileta kitu kimoja kilichokuwa adimu, nacho ni muda. Mwaka 1892 Codreanu wa Romania aliripoti kuitoa tezi nzima na kuuacha mshipa wa uso. Mwaka 1907 Thomas Carwardine wa Bristol, Uingereza, alihimiza kwamba mshipa utafutwe kwanza, kisha tezi ndiyo ifuate. Ni wazo dogo likisemwa, lakini linageuza kazi yote. Mpasuaji wa zamani alianza na uvimbe akiomba asikutane na mshipa. Huyu mpya alianza kwa kukutana nao makusudi, ili ajue yuko wapi. Aliyewahi kulima shamba lenye bomba la maji chini ya udongo ataelewa: si salama kulima kwa kubahatisha, ni salama kulifukua bomba kidogo, uone linakoelekea, ndipo uendelee na jembe lako.

Hata hivyo, wengi hawakufuata njia hiyo. Kwa kuogopa mshipa walichagua njia iliyoonekana ya huruma zaidi. Walipasua ngozi kidogo juu ya uvimbe, wakalipasua gamba lake, wakauminya utoke kama kunde katika ganda. Kazi ilikwisha upesi, kovu likawa dogo, uso haukupooza, na mgonjwa akarudi nyumbani akishukuru. Kasoro yake haikuonekana hospitalini, ilionekana baada ya miaka. Kati ya wagonjwa 100 waliofanyiwa hivyo, ripoti mbalimbali zinataja kuanzia 20 hadi 45 ambao uvimbe uliwarudia, mara nyingi baada ya miaka mingi, tena si mmoja bali vijivimbe vingi vilivyotawanyika kama mtama uliomwagika. Kuvitoa hivyo kulihitaji kukata ndani ya kovu la zamani, mahali ambapo mshipa umegandamana na kila kitu. Hapo ndipo nyuso zilipopooza kweli. Huruma ya leo ilikuwa imekopa kwa riba kubwa.

Wengine nchini Uingereza walijaribu kuzika mabaki kwa mionzi baada ya kuuminya uvimbe. Mionzi ilipunguza kurudi kwa uvimbe, lakini kwa vijana ilibaki hofu kwamba mionzi yenyewe huweza kuzaa saratani miaka mingi baadaye.

Mabadiliko makubwa yalikuja katikati ya karne ya 20. Robert Janes wa Toronto, Kanada, mwaka 1940, na Hamilton Bailey wa London, mwaka 1941, waliandika wakitetea kuutafuta mshipa na kuiondoa tezi kwa mpango badala ya kuuminya uvimbe. Kisha mwaka 1958 mpasuaji David Patey na mtaalamu wa vipimo Thackray, wote wa Hospitali ya Middlesex mjini London, walitoa kazi ambayo naihesabu kuwa kiini cha historia hii. Walichukua tezi zilizotolewa nzima pamoja na uvimbe wake, wakazikata vipande vyembamba na kuvitazama kwa darubini. Wakaona kwamba lile gamba la uvimbe mchanganyiko, ambalo mkono wa mpasuaji uliliona kuwa kamili, mahali pengine ni jembamba mno, na uvimbe huchomoza vidole vyake kupitia humo. Ukiuminya utoke, unaviacha vidole ndani. Uvimbe haukuwa unazaliwa upya, ulikuwa haujaondoka.

Kuanzia hapo njia iliyokubalika na wengi ikawa moja: kuufukua mshipa tangu mshina hadi matawi, na kuiondoa sehemu yote ya tezi iliyo juu yake, uvimbe ukiwa umefunikwa ndani. Uvimbe uliorudi ukashuka hadi karibu 2 kwa 100 au chini ya hapo. Operesheni iliyoonekana kubwa ndiyo iliyokuwa ya huruma.

Nami niseme yangu kwa ufupi. Uvimbe wangu ulikuwa chini ya sikio la kushoto, mgumu kiasi, ukiteleza chini ya kidole. Jirani mmoja alisema ni matubwitubwi ya uzeeni, mwingine akasema nipake masizi. Katika hospitali moja ambayo sitaitaja niliambiwa kwamba ni jambo la dakika 10: sindano ya ganzi, mkato mdogo, kesho yake nitakuwa kijiweni. Ningefurahi, kama nisingekuwa nimemwona mwalimu mwenzangu aliyekatwa namna hiyo mara tatu katika miaka 18. Mara ya tatu alitoka na jicho lisilofumba. Alikuwa mcheshi sana darasani, lakini baada ya hapo alizoea kuweka kiganja shavuni anapozungumza, na wanafunzi wapya walidhani anaumwa jino siku zote. Kwa ajili yake niliuliza swali moja: daktari, mshipa wa uso utauona kabla ya kukata? Aliponijibu kwamba hakuna haja, nilimshukuru kwa adabu nikaenda kutafuta daktari bingwa.

Huyo wa pili alinikalisha, akachora uso kwenye karatasi, akaniambia matatizo yanayoweza kutokea hata kazi ikifanyika vizuri. Nayakumbuka kwa mpangilio wake. La kwanza ni udhaifu wa uso wa muda, hasa mdomo wa chini, kwa sababu mshipa ukiguswa na kuvutwa huzimia kwa wiki au miezi kabla ya kuamka. Udhaifu wa kudumu ni nadra zaidi. La pili ni ganzi ya ndewe, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaohudumia sikio hupita juu ya njia ya kisu. La tatu ni damu kukusanyika chini ya ngozi usiku wa kwanza, ndiyo maana huwekwa mpira wa kuitoa. La nne ni mate kuvuja kidondani, ambayo kwa kawaida hukoma kwa kufungwa bandeji ya kukaza na kwa subira. La tano ni shimo dogo linalobaki pale tezi ilipokuwa. La sita lilinishangaza: jasho la shavuni wakati wa kula.

Jasho hilo lina historia yake, na ni historia ya huzuni. Wapo waliolitaja zamani; Mfaransa Baillarger alilieleza mwaka 1853 akidhani ni mate yanayotoka kwenye ngozi. Aliyelifafanua ni mwanamke, Łucja Frey, aliyezaliwa mwaka 1889 mjini Lwów, ambao leo ni Lviv nchini Ukraine, na kufanya kazi katika kliniki ya mishipa ya fahamu mjini Warsaw. Mwaka 1923 aliandika habari za askari wa Poland aliyepigwa risasi karibu na taya, ambaye kila alipokula shavu lake liliwiva jekundu na kutoka jasho. Frey alionyesha kwamba chanzo ni mshipa wa fahamu unaopita mbele ya sikio kuelekea panja. Maelezo tunayoyakubali leo ni haya: nyuzi zilizokuwa zikiamuru tezi itoe mate zikikatwa huota tena, lakini zikiwa zimepotea njia, nazo hujiunga na vijitezi vya jasho vya ngozi. Ukinusa pilau, amri ya mate inatoka kichwani kama kawaida, lakini inafika kwa mtumishi asiyehusika.

Frey alikuwa Myahudi. Alirudi Lwów, na Wajerumani walipoutwaa mji huo alifungiwa pamoja na watu wake katika mtaa wa Mayahudi, akaendelea kutibu wagonjwa humo. Inaaminika kwamba aliuawa mwaka 1942. Kila daktari anayemwonya mgonjwa wake juu ya jasho la shavuni hulitaja jina la mwanamke huyu, na wengi hawajui yaliyompata. Nimeona yafaa niyaandike hapa kwa Kiswahili.

Katika kupunguza tatizo hilo wapasuaji wamejaribu kuweka kizuizi kati ya kidonda cha tezi na ngozi: kipande cha msuli wa shingo, mafuta ya mwili, au ule utando mgumu ulio chini ya ngozi ya shavu. Kizuizi hicho pia hujaza lile shimo. Na kwa aliyekwisha kupatwa, mwaka 1995 madaktari Drobik na Laskawi walitoa taarifa ya kuchoma shavuni kiasi kidogo cha ile sumu ya botulini, ambayo hufunga amri ya jasho kwa miezi mingi. Sumu inayoogopwa katika chakula cha kopo kilichoharibika imekuwa dawa ya mtu anayeona aibu kula mbele ya wageni.

Historia haikuishia kwa Patey. Katika hospitali ya Christie mjini Manchester, Alan Nicholson na baada yake Gleave walikuwa wakifanya jambo la tatu, lisilo kuuminya uvimbe wala kuondoa nusu ya tezi. Walikata kuuzunguka uvimbe nje ya gamba lake, wakiacha tabaka jembamba la tezi yenye afya kama mtu anayechimbua mche pamoja na udongo wake, na kuyahifadhi matawi ya mshipa kila walipokutana nayo. Mwaka 1979 walichapisha uzoefu wa miaka 30. Wengi walitia shaka, wakihofia kwamba ni makosa ya zamani yaliyovaa kanzu mpya. Mwaka 2003 wafuasi wao walitoa hesabu ya wagonjwa 662 waliokuwa na uvimbe mdogo, unaoteleza, usio na dalili za saratani: 503 walikatwa kwa njia hiyo na 159 kwa njia ya kuondoa sehemu ya juu ya tezi. Uvimbe ulirudi kwa 1.7 kwa 100 katika kundi la kwanza na 1.8 kwa 100 katika la pili, yaani hapakuwa na tofauti ya maana, lakini udhaifu wa muda na jasho la shavuni vilikuwa vichache zaidi katika kundi la kwanza.

Angalia mzunguko huu, msomaji wangu. Walianza na mkato mdogo, wakaenda kwenye mkubwa, kisha wakarudi tena kwenye mdogo. Mtu wa haraka atasema wamerudi walikotoka. La hasha. Mkato mdogo wa kwanza ulitokana na woga na kutojua, na huu wa pili umetokana na kujua, kwa kuwa anayeufanya anafahamu habari za vidole vya uvimbe na anao uwezo wa kuufukua mshipa akilazimika. Wala haufai kwa kila mgonjwa; uvimbe mkubwa, au ulio chini ya mshipa, una njia zake.

Siku hizi kuna vyombo vya kusaidia. Picha ya mawimbi ya sauti huonyesha uvimbe ulipo, na sindano nyembamba, iliyopata umaarufu kwa kazi za madaktari wa Stockholm, Sweden, katikati ya karne ya 20, hutoa seli chache za kuchunguzwa bila kulipasua gamba. Ipo pia mashine yenye nyaya nyembamba zinazochomekwa katika misuli ya uso, ambayo hulia chombo kinapougusa mshipa; ikitumika, mtoa nusukaputi huhakikisha kwamba dawa ya kulegeza misuli imekwisha nguvu. Uchambuzi uliokusanya tafiti mbalimbali, uliotolewa mwaka 2015, uliona kwamba mashine hiyo hupunguza udhaifu wa mara baada ya operesheni, lakini haukuona kwamba inapunguza ule wa kudumu. Maana yake ni kwamba mashine ni msaidizi tu. Kabla haijakuwepo, kona ya jicho na ya mdomo ziliachwa wazi bila kufunikwa kitambaa, na muuguzi mmoja akapewa kazi ya kuutazama uso wa aliyelala: ukicheza hata kidogo, aseme. Njia hiyo bado inatumika mahali pengi, na haidharauliki.

Mimi operesheni yangu ilichukua karibu saa 3. Mdomo wa chini ulilegea upande mmoja kwa wiki 11, nikawa nakunywa uji kwa kijiko kama mtoto, kisha ukarudi. Ndewe ya kushoto ina ganzi mpaka sasa. Nilipoambiwa majibu ya kipimo kwamba si saratani, na kwamba uvimbe umetoka mzima na gamba lake, nilicheka, na mke wangu akasema kicheko kimepinda lakini ni kile kile.

Naona katika habari hii kuna fundisho kwa wagonjwa na kwa waganga. Matatizo baada ya upasuaji hayakupunguzwa na kisu kikali zaidi. Yalipunguzwa na watu waliokubali kumfuatilia mgonjwa miaka 10 na 20 baada ya kumruhusu kwenda nyumbani, wakaandika walichokiona hata kilipowaaibisha. Kama wale waliouminya uvimbe wangehesabu siku ya kutoa nyuzi tu, hadi leo wangejisifu. Ukweli ulikuwa mbele, kwenye mwaka wa saba na wa kumi na mbili, na waliokwenda huko kuutafuta ndio waliotuokoa.

Basi kwa ndugu mwenye kijivimbe mbele ya sikio au chini ya taya: usikipake masizi, wala usingoje kiume. Nenda hospitali, uliza kama kitapimwa kwanza kwa sindano nyembamba, na umwombe daktari akueleze mshipa wa uso utalindwaje, uvimbe utatolewa na gamba lake zima au la, na utaangaliwa kwa muda gani baada ya hapo. Ikiwa ni tezi ya chini ya taya, uliza pia juu ya mishipa ya ulimi na ya mdomo wa chini, kwani ipo jirani. Kuuliza si utovu wa adabu. Daktari anayeijua kazi yake hufurahi kuulizwa, na mara nyingi huchukua karatasi na kalamu akaanza kukuchorea.